Legeza Haina Kwa Nini

Kokugonza mwanangu,

Ulipoondoka mchana kwenda kumuaga bibi yako na kulala kwake Ijuganyondo, ulisema begi lako umeshalifunga. Nimelivuta kutoka chini ya kitanda ili nikuwekee kahawa za kutafuna njiani, nikakuta halina kitu ila viatu vya shule na gazeti la zamani. Blanketi umelirudisha kitandani. Sketi umezitundika nyuma ya mlango. Ile barua ya chuo umeibana chini ya godoro langu, kana kwamba mimi hulala juu ya godoro bila kulitandika. Koku, mimi ni mama yako na tena ni fundi umeme. Kutafuta kilichofichwa ndani ya ukuta ndiyo kazi inayotulisha.

Kwa hiyo najua. Kesho jioni meli ikipiga honi, ulipanga uwe jikoni kwa bibi yako unamenya ndizi, na mimi niwe bandarini natoa macho peke yangu. Unataka kubaki kwa sababu ya homa yangu. Hukuniambia, lakini tangu nilipolala siku zile mbili bila kuamka nakuona unavyonitazama nikikohoa, unahesabu mifupa ya mabega yangu ukidhani sioni.

Begi nimelifunga upya, na safari hii lina vitu. Mambo ya sabuni, ya chakula, ya kuchagua marafiki, sitayaandika. Yapo ya kukufundisha mama na yapo ya kukufundisha Dar es Salaam, tusinyang'anyane kazi. Ninalotaka kukueleza ni habari ya baba yako, na habari ya neno moja la kazi yetu ambalo unalitii kila siku bila kujua lilivyoingia nyumbani mwetu.

Vita na Uganda ilipokwisha tulirudi mjini tukakuta Bukoba imevuliwa nguo. Waliopita nyuma ya askari walibeba milango, wakabeba mabati, na kwenye nyumba nyingine walivuta hata nyaya kutoka ndani ya kuta, zikabaki tundu za swichi zinatutumbulia macho. Wewe ulikuwa umezoea mgongo wangu kwa kukimbia huku na huku, ukikalishwa chini unalia. Baba yako alikuwa amejifunza umeme kiwandani, kwenye mashine za kukoboa kahawa, na mashine zenyewe zilikuwa zimelala. Ndipo akaitwa Miembeni, nyumbani kwa Bi Zarina. Unamjua alivyo sasa, mzee wa miguu mibaya na peremende mfukoni. Wakati ule alikuwa mama wa dukani anayesikika mpaka barabara ya pili, na watu wa mume wake walikuwa wamemwambia aondoke kama wenye maduka wenzake waliohama. Akasema hawezi kuondoka, ila hawezi pia kukaa gizani.

Msaidizi wa baba yako alikuwa hajarudi kutoka alikokimbilia. Kazi ya kupitisha waya kwenye konduti, bomba la ndani ya ukuta, haifanywi na mtu mmoja, unajua mwenyewe. Mmoja awe darini analisha waya kwenye bomba, mwingine awe chini kwenye tundu la swichi anavuta. Baba yako akanitazama mimi. Nikamwambia wazee wa kwetu hawataki mwanamke apande juu ya nyumba. Akasema, "Nani amekwambia upande? Utabaki chini, Mama Koku. Chini hakuna mwiko." Nikakuweka kwenye kanga, nikashika waya. Hivyo ndivyo nilivyosoma chuo changu.

Alinifundisha majina kwanza, kabla ya kunigusisha kitu. Huu ni wa moto, ndio unaoleta umeme. Huu ni nyutro, ndio unaourudisha. Huu ni ardhi, hauna kazi siku zote mpaka siku ya mkosi, na siku hiyo kama haupo utajuta. Nilimwuliza kwa nini wa moto umepewa jina la Kiswahili, na ardhi pia, halafu wa katikati ukaachiwa Kiingereza kilichochakaa. Akacheka. Akasema mafundi waliotutangulia walikuwa na haraka, wakataja upesi kile kinachoua na kile kinachookoa, cha katikati wakakiacha. Sijui kama ni kweli. Baba yako alikuwa akikosa jibu hutengeneza.

Taabu ikawa kwamba mji mzima ulikuwa na waya wa rangi moja. Bi Zarina alikuwa ameficha roli zima la waya chini ya magunia ya chumvi, na lote ni jekundu. Hakuna mweusi wa nyutro, hakuna kijani wa ardhi. Tepu ya rangi hata usiulize, tulikuwa tunaota sukari seuze tepu. Basi baba yako akaingia mgombani kwa jirani, akarudi na ebyai, zile nyuzi kavu za mgomba tunazofungia mizigo, akazifunga kwenye ncha za nyaya: fundo moja ni moto, mafundo mawili ni nyutro, usio na fundo ni ardhi. Mpaka leo unaniona nafunga ebyai kwenye waya ingawa tepu zipo dukani, na unanicheka. Haya, cheka.

Lakini jambo la kukueleza ni lile lililotokea siku ya kuvuta waya wa jikoni. Waya ukiwa ndani ya ukuta hakuna anayeuona, si wa juu wala wa chini. Wa juu anaulainisha kwa sabuni, anaunyoosha usijikunje, halafu anasema, "Vuta." Wa chini anavuta. Ukikwama, yeyote kati yao anasema, "Legeza." Hayo ndiyo maneno yote. Nami asubuhi ile nilikuwa nimekasirika. Baba yako alikuwa amevuka mpaka kwenda kutafuta swichi upande wa Uganda, akakaa zaidi ya siku alizoniaga, akarudi na swichi, shati jipya na hadithi ndefu. Nilikuwa chini nimeshika waya, hasira imejaa mikononi. Akasema vuta, nikavuta. Akasema legeza. Nikamjibu, "Kwa nini?"

Nikaendelea kuvuta. Waya ukagoma kidogo, halafu ukaja wote kwa mkupuo. Ulifika, na hapo ndipo palipo na hasara, maana kama ungekatika tungejua. Baba yako akashuka, akaitazama ncha, ikawa safi. Jioni jenereta la mji lilipowashwa balbu ikawaka, Bi Zarina akatoa machozi na biskuti. Tukarudi na baba yako mpaka mlangoni. Kisha akasema, bila ukali, "Mama Koku, legeza haina kwa nini. Anayesema legeza anahisi kitu mkononi mwake ambacho wewe huna mkononi mwako. Kwanza achia, maswali baadaye." Nikamwambia na yeye ajifunze kurudi nyumbani. Tukacheka wote, tukala, tukalala. Nilidhani limekwisha.

Sasa nifike pagumu.

Baba yako alipoanza kuugua tulimpeleka kwao Muleba, kwa sababu mtu wetu huuguzwa kwenye kibanja, shamba la migomba la baba yake. Ulikuwa mdogo lakini si mdogo wa kusahau. Unakumbuka tulivyofunga mlango wa chumba, na wewe ukiuliza baba ana nini, shangazi zako wanakwambia baba amechoka. Barabarani watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la kitambaa cha magendo. Ndani ya nyumba haukuitwa kitu. Shemeji zangu walisema amerogwa na wafanyabiashara wenzake. Mimi nilisema ni kichomi. Mzee wao alisema tusiseme. Mtu aliyetufundisha kwamba huwezi kugusa waya kabla hujautaja jina, alikufa katika nyumba ambayo hakuna aliyethubutu kutaja kinachomuua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kilituumbua mbele ya ukoo mzima, maana mwishoni hapakuwa na jirani ambaye hajui, ila sisi tuliokuwa tukijifanya hatujui.

Sauti yake ilikwisha kabla yake. Alibaki na maneno machache, na yote yalikuwa ya kazini. Akitaka nimwinue akae, alisema, "Vuta." Nikimshika pabaya, alisema, "Legeza." Sisi wawili tulielewana, na siku nyingine tulicheka, ujue hilo pia. Nilikuwa namgeuza kitandani na yeye ananiambia polepole, "Nyoosha, nyoosha, usinikunje."

Lakini mimi sikutaka afe, Koku. Nilimpeleka hospitali, nikamrudisha. Nikampeleka kwa mganga wa ng'ambo ya mto, nikamrudisha. Nikamnywesha mizizi ambayo yeye mwenyewe aliitema. Nikasikia habari za mtu mwingine wa dawa, mbali, nikakodi gari la kubeba ndizi. Asubuhi ya kuondoka nilimshika mabega nimwinue nimpeleke garini, akanitazama, akasema, "Legeza, Mama Koku."

Nikadhani nimemshika pabaya. Nikabadilisha mikono. Akasema tena, legeza. Nikamwuliza kwa nini.

Alikufa njiani, katikati ya mikungu ya ndizi, kwenye barabara mbovu, badala ya kufa kitandani kwa baba yake akisikia sauti yako uani. Alikuwa akiomba hilo tu. Alikuwa anahisi kitu mkononi mwake ambacho mimi sikuwa nacho mkononi mwangu, na mimi nilikuwa nimeshika kwa nguvu zangu zote nikidhani huko ndiko kupenda. Kulikuwa ni kupenda, sikatai. Lakini nilivuta mtu aliyeniambia nilegeze.

Hujawahi kusikia hili kwangu. Ulijua baba alifariki safarini, ukadhani alikuwa anakwenda kupona.

Baada ya arobaini watu wa Muleba walinieleza kwamba kibanja ni cha ukoo na kwamba shemeji yangu yuko tayari kunitunza. Nikawashukuru, nikachukua mkoba wa plaizi na bisibisi, nikachukua mkono wako, tukarudi mjini. Hakuna aliyetuita kazini. Watu waliogopa hata bisibisi niliyoishika. Nilikuwa nikikaribishwa mahali naletewa chai kwenye kopo, na nikiondoka nasikia kopo linatupwa. Ulikuwa unasikia pia, maana ulikuwa unanikaza kidole.

Aliyetuita ni Bi Zarina. Mvua za masika zilikuwa zimelowesha nyumba, na ukuta wa jikoni kwake ulikuwa umeanza kutekenya. Ndivyo alivyosema: "Ukuta wangu unatekenya, Mama Koku, nikiosha vyombo." Nikaweka testa kwenye ukuta mbichi, kitaa chake kikawaka. Moyo wangu ukajua kabla ya mikono. Ilikuwa lazima mtu apande dari, na hapakuwa na mtu. Nikakufundisha maneno mawili, nikakuacha chini kwenye tundu la swichi, nikapanda. Wazee wanisamehe. Tulipoutoa ule waya niliokuwa nimeuvuta kwa hasira, plastiki yake ilikuwa imechunika kwenye kona, shaba iko wazi. Miaka yote ile ulikuwa umekaa uchi ndani ya ukuta, na balbu inawaka kama kawaida. Tungekuwa hatukufunga ardhi, ile ya baba yako isiyo na fundo, sijui kama Bi Zarina angekuwa na mkono wa kutupa peremende leo.

Nilimweleza ukweli, kwamba kosa ni langu. Akanitazama, akaingia ndani, akatoka na chai kwenye kikombe chake mwenyewe, kile chenye mdomo wa dhahabu, akakaa akanitazama mpaka nikakimaliza. Kisha akakichukua, akajimiminia humo humo, akanywa. Nililia njia nzima kurudi nyumbani na wewe ukadhani umeme umenipiga.

Na siku ile, mwanangu, nilipokwama kule darini na kukuambia legeza, uliachia pale pale. Mtoto wa miaka ile. Hukuuliza. Tangu hapo tumekuwa mafundi wawili, na sijapata kuvuta waya na mtu anayenisikia kama wewe.

Juzi ulinieleza habari za nyaya mnazokwenda kujifunza, za kioo, nyembamba kama unywele, zinazopitisha mwanga chini ya ardhi badala ya umeme. Nilikuuliza wa moto ni upi, ukasema hakuna wa moto. Nyutro? Hakuna. Nikasema basi huo si waya, ni uchawi wa kizungu, ukacheka mpaka ukakaa chini. Halafu ukanieleza kitu ambacho kimekaa kichwani mwangu tangu siku hiyo. Ulisema waya huo ukikunjwa sana mwanga unapotelea njiani, haufiki. Na ukivutwa kwa nguvu unakatika kwa ndani, na nje yake unaonekana mzima. Nilikuwa nakoroga uji, nikajifanya nashughulikia moto. Ulisema pia kwamba vitu vyake vingi havina majina ya Kiswahili bado. Basi nenda mkavipe. Ila msiwe na haraka kama mafundi wa zamani. Na cha katikati mkipe jina pia.

Sasa kuhusu homa. Homa hii ni malaria, nimepewa vidonge na leo nimeamka vizuri, nimekula matoke na maharage nikamaliza. Lakini pale hospitali waliniuliza kama nataka kupima damu, nikakubali, na wiki hii nimekwenda kuchukua majibu. Muuguzi alikuwa binti wa rika lako hivi, aliyasema kwa sauti ya kawaida na nikamshukuru kwa hilo. Nina ukimwi, Koku. Naliandika jina lake hapa kwa wino kwa sababu baba yako hakupata mtu wa kulisema. Naogopa. Usiku naogopa zaidi. Lakini nina nguvu bado, na muuguzi anasema wengine hukaa nao miaka. Sijui niliupata lini wala baba yako aliupata wapi, na nimechoka kuuliza.

Bibi yako nilimwambia jana alipokuja sokoni. Akasema, "Mwana wange," akanishika kichwa kama nilipokuwa mdogo. Kisha akasema atahamia kwangu mjini baada ya mavuno. Nikamwambia kazi yangu inataka mtu wa kushika waya. Akasema, "Nitashika, mradi usinipandishe darini." Nikaanza kumfundisha pale pale. Anaita nyutro "yule Mzungu," na akisema legeza, majirani wote wanaachia walichoshika. Kwa hiyo usiniambie sina mtu.

Ningeweza kukupa barua hii bandarini, nikakwambia uifungue meli ikishafika katikati ya ziwa. Nililifikiria sana. Ungekuwa umekwenda, na mimi ningekuwa nimeshinda. Lakini huko ni kumvuta mtu bila kumwambia, na waya wa namna hiyo nimeshauona unavyotoka ukutani. Kwa hiyo utaisoma ukiwa nchi kavu, na miguu yako yote miwili ni yako.

Kesho asubuhi nitakuja Ijuganyondo na begi. Nitampa bibi yako barua akuletee jikoni. Mimi nitakaa nje, nyuma ya ukuta ule wa jikoni, kwenye kigoda. Hutaniona, lakini tumezoea kutoonana na tukafanya kazi. Nikisikia umekunja karatasi nitajua umefika mwisho.

Najua umenishika kwa sababu unanipenda. Nami nilimshika baba yako hivyo hivyo, kwa mikono hii hii. Tangu ukiwa mtoto hujawahi kuniuliza kwa nini nikisema neno letu, nami nakuomba usianze kesho.

Legeza, Koku.

Ni mimi, wa upande wa pili wa ukuta,
Mama yako